Naduk na Ndege wa Mumewe

Mama mkwe wangu Naduk hana subira na kiumbe chochote isipokuwa ndege. Akiingia dukani kwangu na kukuta watu wawili wamemtangulia, ataguna, atakohoa, kisha atauliza kwa sauti kama hiyo kahawa ndiyo kwanza inapandwa. Lakini mwezi wa tano ukifika, mtu huyohuyo anavaa koti lake la manyoya, anachukua chupa ya chai, anapanda mteremko wa mawe ulio nyuma ya kijiji, na kukaa huko kutwa nzima akitazama mbingu tupu. Anamngoja appaliarsuk, ndege wetu mdogo mweusi mwenye tumbo jeupe, anayetoka baharini kuja kutaga chini ya mawe.

Mimi ni mtu wa kusini, kwenye miji ya taa za barabarani, nikaolewa huku kaskazini kwenye barafu na mwanawe Qaaqqutsiaq. Mwaka wa kwanza nilidhani mama mkwe kapungukiwa akili. Mwaka wa pili nilipanda naye ili nisiseme uongo nikiulizwa anafanya nini kule. Siku hizi duka nalifunga mimi mwenyewe, naandika mlangoni "narudi", na wanaotaka sukari wanajua pa kunitafuta.

Zamani hakupanda peke yake. Mumewe, mzee Inukitsoq, ndiye aliyekuwa fundi wa wavu kijijini. Alikuwa na kiti chake pale mlimani, jiwe bapa lenye ukuta mdogo wa kujifichia, na hakuna aliyethubutu kukikalia. Kundi la ndege likishuka na kupita juu ya kichwa chake, aliinua ule wavu wa mpini mrefu mara moja tu, akaushusha na ndege watatu, wanne. Naduk alikaa nyuma yake, akiwatoa ndege wavuni na kuwakunja mabawa.

Tabia yake moja iliwachekesha watu wote. Ndege wanapokuja kwa wingi kelele yao hujaza mlima, huwezi kumsikia aliye kando yako, na wageni huziba masikio. Inukitsoq yeye alilala. Kelele ikizidi tu, kichwa hicho, kinaangukia kifuani, mdomo wazi, wavu magotini. Naduk alimchoma mgongoni kwa kidole na kupiga kelele: "Funga mdomo, ndege watakunyea!" Mzee anashtuka, anainua wavu, anashusha na ndege. Qaaqqutsiaq anasema hayo ndiyo maneno ya mapenzi aliyoyasikia utotoni mwake, mengine hakuyasikia.

Mwaka jana, jua lilipoanza kutuacha kwa miezi ya giza, Inukitsoq alikwenda kulala baada ya chakula na hakuamka.

Huku kwetu jina la aliyekufa haliitwi ovyo. Linanyamaziwa mpaka azaliwe mtoto wa kulipokea, na mtoto huyo, awe wa kiume au wa kike, huwa ndiye marehemu aliyerudi. Mjane humwita mume wangu, watoto wa marehemu humwita baba, na kila mtu anaona sawa. Basi nyumbani kwetu tukawa tunasema "yule" na "mwenye wavu". Wa kumzaa "yule" nyumbani hakuwepo. Mimi nimefunga hesabu hiyo siku nyingi, na binti yetu aliye kusini anasema anataka kwanza kumaliza masomo. Naduk akasema atangoja.

Na aliposema atangoja, hakutania. Inukitsoq alituachia kiviaq moja, ya mwisho, waliyoitengeneza wote wawili kiangazi kile. Mzee alikamata ndege, Naduk akawajaza ndani ya ngozi nzima ya sili mpaka ikatuna, mzee akaikanyaga kutoa hewa yote, Naduk akashona, akaupaka mshono mafuta, kisha wakaifukia chini ya mawe iive polepole, hatua chache tu kutoka kwenye kile kiti. Kwa kawaida tungeifungua Krismasi. Krismasi ilipofika, watu walipita nyumbani kwetu wakimeza mate, wakaulizia afya ya kila mtu, hata ya mbwa.

"Mama," mume wangu akasema, "watu wanangoja."

"Hata mimi nangoja," Naduk akamjibu. "Mwenye ndege hayupo. Nitawafungulia vipi ndege wasio wenu?"

Tukala samaki.

Sasa lazima nimtaje Sauninnguaq, ingawa mama mkwe angependa nisimtaje. Sauninnguaq ni jirani yetu wa mlango wa tatu, mjane vilevile, umri mmoja na Naduk, na ulimi wake hauna breki. Zamani, kabla sijaolewa huku, watu walikuwa wamekaa sakafuni kwenye sherehe ya kuzaliwa, mikono imejaa mafuta, midomo imejaa manyoya, wanafurahia ndege wa Naduk. Sauninnguaq akamnusa wake, akasema, "Mh. Hii ina upepo."

Kwa asiyejua, hilo si neno dogo. Ngozi iliyoingiwa na upepo inaoza badala ya kuiva, na kosa ni la mshonaji. Mwambie mwanamke wa huku kwamba watoto wake wana adabu mbaya, atacheka. Mwambie kiviaq yake ina upepo, umemvua nguo mbele ya watu. Tangu siku hiyo Naduk na Sauninnguaq hawajaketi chumba kimoja ila kanisani, tena mmoja mbele na mwingine nyuma.

Kumbe mambo yalikuwa yanapikwa mlango wa tatu. Binti yake Sauninnguaq, anayeitwa Ivalu, alikwenda kujifungua mjini Qaanaaq, akarudi kwa sleji ya kukokotwa na mbwa juu ya barafu akiwa na mtoto wa kike mwenye afya na sauti ya kuangusha nyumba. Mtoto alilia. Alilia mchana, akalia tulipokuwa tukila, akalia mpaka mbwa wakachoka kumwitikia. Kasisi alikuwa amempa jina Mariane, jina zuri tu, lakini ilikuwa wazi kwa kila mtu kwamba si lake. Mtoto anayelia hivyo analilia jina lake.

Nilikuwa nimewapelekea maziwa ya unga nilipomkuta Sauninnguaq amempakata, nywele zimemsimama, anawaita wafu mmoja mmoja.

"Wewe ni baba yangu?" Kilio. "Shangazi Tukummeq? Hapana? Wewe ni yule binamu aliyezama? Sema basi, mwanangu, bibi yako atakufa kabla hujajibu!"

"Mama," Ivalu akasema polepole, macho yamemvimba kwa kukosa usingizi, "kuna mmoja hujamtaja."

"Nimewataja wote."

"Aliyenifundisha kushika wavu. Hujamtaja."

"Yule simtaji."

"Mama, tafadhali."

Sauninnguaq akaniangalia mimi, akaangalia dari, akavuta pumzi ya mtu anayetaka kuruka ndani ya maji baridi. "Haya. Inukitsoq?"

Mtoto akakwama katikati ya kilio. Akapiga kwikwi moja. Akamtazama Sauninnguaq kwa macho makavu, kama mtu aliyebisha hodi muda mrefu mpaka kaudhika.

"Ee Mungu wangu," Sauninnguaq akasema. "Kati ya marehemu wote wa pwani hii, ukaniletea huyo."

Machozi yalinitoka. Nilimpenda mkwe wangu, sioni haya kusema, na kulisikia jina lake katika nyumba ya watu baada ya kimya cha majira yote ya giza kulikuwa kama kumwona anaingia mlangoni.

Habari huku hukimbia kuliko mbwa, ila safari hii ilikimbia nyumba zote ikaruka yetu. Hakuna aliyetaka kuwa wa kuileta kwetu. Ikabidi niwe mimi. Nilimkuta mama mkwe anashona soli ya kiatu.

"Mama, mtoto wa Ivalu amepata jina."

"Afadhali. Tulale. Jina gani?"

"La baba."

Sindano ikasimama. "Baba yupi?"

"Baba wa nyumba hii, mama. Alilia mpaka likatajwa, akanyamaza papo hapo. Nimeona kwa macho yangu."

Akaigeuza soli, akaitazama upande wa pili. Kisha akasema, "Kwa Sauninnguaq?"

"Kwa Sauninnguaq."

"Mume wangu akalale chini ya dari la Sauninnguaq? Kahawa yao tu alikuwa akiimwaga wakigeuka!"

"Mama, pengine hakuchagua."

"Amechagua," akasema, akaichoma ile soli kwa nguvu. "Ndilo linaloniudhi."

Desturi ni kwamba mjane ndiye anayetangulia. Anakwenda na zawadi, anamshika mtoto, anamsalimu mumewe, ndipo wengine wanafuata. Kijiji kizima kikakaa roho juu kikimngoja Naduk avuke milango mitatu. Hakuvuka. Alikwenda dukani kwa njia ya nyuma, akipita kwenye mbwa wa watu. Mtoto aliacha kulia, lakini usingizi hakuupata, alikuwa akilala robo saa na kuamka, amekodoa macho kuelekea mlangoni. Ivalu alikuja dukani akaniuliza, bila kunitazama usoni, kama wamemkosea bibi Naduk. Nilimwambia bibi ana kichwa kigumu. Nikaona aibu, maana sikujua kama ni kichwa tu.

Nilimsuta mama mkwe siku mbili tatu. Nikamwambia alikuwa anamngoja mtu, mtu amefika, sasa anamkimbia. Akaniambia niuze sukari yangu. Qaaqqutsiaq alikwenda kumwona mtoto kwa kujificha, kama anayekwenda kunywa, akarudi macho mekundu. Mama yake akamuuliza kama nje kuna moshi.

Kisha ndege wakaja.

Tulikuwa juu, mimi na yeye, amekaa mahali pake pa siku zote, nyuma ya kiti kitupu. Wavu wa mzee alikuwa amepanda nao, ameulaza juu ya mawe. Barafu bado ilikuwa nyeupe mpaka upeo wa macho, ila mbali kabisa palikuwa na mstari mweusi wa maji. Kutoka kwenye mstari ule likatoka wingu, likainuka, likajikunja, likageuka. Naduk alivua kofia, kama afanyavyo kila mwaka, kelele ya kwanza imwingie masikioni yote mawili.

Walizunguka juu ya mlima, wakaenda, wakarudi, kisha wakaanza kushuka mmoja mmoja kwenye mawe. Wakatembea huku na huko wakiinamishiana vichwa. Mmoja alitua karibu yetu, kwenye mlango wa pango lake, akasimama hapo peke yake.

"Yule mtazame," Naduk akasema. "Anamngoja mwenzake. Wakati wote wa giza kila mmoja yuko kwake baharini, hakuna anayejua habari ya mwingine. Kisha wanakutana kwenye jiwe lilelile. Nimewatazama tangu nikiwa msichana na mpaka leo sijui wanafanyaje."

"Na mwenzake asipokuja?"

"Atangoja siku chache. Kisha atampokea mwingine atakayekuja, watataga, maisha yataendelea. Hawanuni." Akapangusa pua. "Ndege ana siku chache za joto, akinuna yai halipati muda."

"Basi mama..."

"Mimi si ndege." Akawa anavutavuta uzi wa wavu. "Mkwe, wewe unadhani nimemnunia Sauninnguaq. Acha wadhani hivyo. Naogopa. Nitamshika yule mtoto, kijiji kizima kinanitazama, nitasema 'mume wangu, umerudi'. Na nikisema, nisisikie kitu? Niwe nimepakata mtoto wa Ivalu tu? Hivi sasa bado namngoja. Mtu unayemngoja bado yupo."

Mimi mwenye domo, ambaye mume wangu husema nikifa mdomo utazikwa kesho yake, nilimmiminia chai tu. Nilimshika mkono, akaniacha niushike.

Ndipo tukasikia mtu anapumua kama mbwa wa mbele wa sleji. Sauninnguaq alikuwa anapanda. Mwanamke mwenye goti bovu, ambaye miaka hii yote hata ngazi za kanisa anazilalamikia, alikuwa anatambaa juu ya mawe kwa mikono na miguu, na ndani ya kofia pana ya koti lake, mgongoni, kulichungulia uso mdogo mwekundu.

"Usinisaidie!" akapiga kelele, ingawa hakuna aliyekuwa ameinuka. "Nitafika mwenyewe! Naduk! Mchukue mumeo! Amenichosha!"

"Nani amekuita?"

"Huyu! Halali, hatulazi! Amekodolea mlango macho kama anadai kitu! Marehemu mume wangu hakuniamsha hivi, na alikuwa mgonjwa!" Akafika, akajitupa juu ya jiwe, akashika goti. "Halafu nisikilize. Mtoto huyu ni mjukuu wangu. Kwa hiyo mimi sasa ni bibi yake mumeo. Mimi ni bibi mkwe wako, Naduk. Mbona hunisalimu?"

Nilifunga mdomo kwa mikono miwili. Naduk alikuwa mwekundu kuliko mtoto.

"Wewe? Mkwe wangu?"

"Na nilitegemea kuletewa kahawa. Wakwe wengine hupikiwa."

"Ningekupikia, ungesema ina upepo!"

Neno lile lilikuwa halijatamkwa kati yao tangu siku lilipozaliwa. Sauninnguaq akamtoa mtoto kofiani, polepole, bila mzaha tena, akamweka magotini mwa Naduk.

"Mshike tu," akasema. "Usiseme kitu kama huna la kusema."

Naduk akamshika kama mtu anayeshika chombo cha watu. Mtoto akamtazama, macho wazi kabisa, hana usingizi hata chembe. Naduk akamtazama mtoto. Nilimwona anatafuta. Nilimwona hapati.

Wakati huo kundi kubwa likageuka kutoka baharini na kuja juu yetu. Kelele ikaujaza mlima. Sauninnguaq aliniambia kitu, nikaona midomo tu. Kivuli kikapita juu ya mawe, upepo wa mabawa ukatupiga usoni. Nikaegemea mbele kumziba mtoto masikio, maana angeshtuka na kupiga mayowe.

Alikuwa amelala.

Kichwa kimeanguka kifuani, mdomo wazi, mikono imelegea magotini mwa Naduk. Mtoto asiyelala nyumbani kwenye kimya alikuwa amezama usingizini katikati ya kelele ile, na kadiri ndege walivyozidi ndivyo alivyozidi kuzama. Mama mkwe alinitazama. Nami nilimtazama. Kisha akaanza kucheka, na kucheka kukageuka kilio, na kilio kikarudi kuwa kicheko, kikasikika hata ndege walipokuwa bado wanapita. Sauninnguaq naye akamwangalia mtoto, akajipiga paja. Aliyajua mazoea ya yule mzee, nani hakuyajua?

Ndege walipotulia, Naduk alikohoa, akajifuta uso kwa mkono wa koti.

"Mkwe," akaniambia. "Ondoa mawe."

"Mawe yapi, mama?"

"Una macho? Yale pale. Mwenye ndege amefika."

Niliondoa mawe. Ngozi ilikuwa ngumu bado kwa barafu, mafuta ya mshono yamekaa palepale alipoyapaka. Naduk hakuigusa. Alimpa Sauninnguaq kisu chake mwenyewe, kile kipana cha kike asichomwazima mtu, na Sauninnguaq akakipokea kwa mikono miwili. Akakata nyuzi chache, akaingiza mkono, akatoa ndege mmoja, akamnusa. Naduk alijitia anaangalia baharini.

Sauninnguaq alinyonyoa manyoya, akauma, akatafuna bila haraka. Akamaliza. Akaingiza mkono tena, akatoa wa pili.

"Haina upepo," akasema, mdomo umejaa. Akatafuna kidogo. "Hata ile haikuwa nao. Mume wangu siku ile alikuwa ameisifu mno."

"Mno kiasi gani?"

"Mno kiasi cha kunitosha."

Naduk akaguna, ule mguno wa dukani. Lakini alisogea kwenye jiwe, akaacha nafasi, na Sauninnguaq akaja akakaa hapo, goti lake limenyooka, bega kwa bega na mkwe wake. Chini kijijini watu walikuwa wamekwisha tuona. Niliona milango inafunguliwa, watu wanavaa makoti, na Ivalu akiwa mbele ya wote anakimbia kwenye theluji laini, anaanguka, anainuka.

Kundi lingine lilikuwa linageuka juu ya barafu. Naduk akamfunika mtoto vizuri, akaukokota wavu mpaka ukawa magotini mwao wote wawili, yeye na mtoto. Kisha akainama kwenye sikio lile dogo na kulitaja jina ambalo hakulitaja tangu jua lilipotuacha.

"Inukitsoq," akasema. "Funga mdomo. Ndege watakunyea."